Vidonge vya Mama Vinny

Wilkista ndiye anayetunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe huku Mogogosiek, na mtu mkaidi kama yeye sijaona. Pampu mgongoni, gambuti miguuni, mikono mitupu. Glavu alinunua, akazitundika msumarini, ati zinamtelezesha.

Lakini aliyemharibu zaidi ni mimi. Redio ilisema watafiti fulani waliwapa panya vitamini kabla ya sumu ya wadudu, na panya hao hawakushikwa sana na degedege. Nikamsimulia. Kesho yake akanunua vidonge vya vitamini, akamwambia mumewe, Mogaka, kwamba ni vya kuzuia kifafa, na hata lile koti la mvua alilokuwa akivaa kazini akaliacha nyumbani. Niliona, wala sikumkataza.

Jumanne, akiwa kwangu, pampu ilivuja ikamlowesha mgongo mzima. Alimaliza ng'ombe wawili hivyo hivyo. Kabla ya wa tatu akaanza kutokwa na mate, akaanguka kwenye matope, mwili ukitetemeka wote. Jirani akaja mbio na jagi la maziwa, maana hapa kwetu maziwa ndiyo dawa ya kila sumu. Nilimsukuma, maziwa yangemsakama Wilkista kooni.

Hospitalini, daktari aliuliza kama mgonjwa ana kifafa. Mogaka akajibu ndiyo, na dawa zake anameza kila siku. Daktari akaanza kuandika. Nilijua nikifungua mdomo, Mogaka atajua ni nani aliyemdanganya mkewe. Wilkista alikuwa akikoroma, kila pumzi ikichelewa kuliko iliyotangulia.

"Daktari, huyu hana kifafa," nikasema. "Ni dawa ya kupe imemmwagikia. Hizo ni vitamini tu, na ni mimi nilimwambia zitamkinga."

Daktari alimfunua macho, akakuta mboni ndogo kama tundu la sindano. Akaamuru avuliwe nguo zote na aoshwe kwa sabuni, kisha akamdunga dawa ya kupinga sumu, mara moja, mbili, tatu. Mogaka hakunitazama tena siku hiyo.

Siku ya nne niliingia wodini kuomba msamaha. Wilkista alinishika kwa mikono yote miwili, bado inatetemeka.

"Asante sana, Mama Vinny. Bila hizo vidonge zako ningekuwa nimeisha."

Nilimwambia kilichomwokoa ni sindano. Akatabasamu tu, akaniomba nimnunulie pakiti nyingine, ile kubwa, kwa sababu Jumatatu anarudi kazini.