Kiti cha Mashini ya Warda

Wifi yangu Warda hakuwa mtu wa kuogopa mashini. Mwoga nilikuwa mimi, na sioni haya kulisema. Alikuwa mke wa kaka yangu Fadhili, mvuvi wa hapa Rumonge, na kazi yake ilikuwa ukarani katika shirika dogo lililogawa mbegu na majembe kwa watu walioshuka milimani wakikimbia vita, mikono mitupu. Siku bosi wake, Casimir, alipoleta kompyuta kutoka Bujumbura, nilikuwa nimempelekea Warda chakula ofisini, nikasimama mlangoni na bakuli langu kama mtu aliyefika kwenye ngoma asiyoijua.

Kompyuta yenyewe, ordinateri kwa maneno ya Casimir, ilikuwa ndogo, ya kufungika kama kitabu. Lakini kabla ya kuitoa, Casimir alitoa kitu kingine, kibao kizito cheusi chenye matundu mengi upande wa nyuma.

"Hii ni kiti yake," alimwambia Warda. "Ordinateri itakuwa inaenda na inarudi na mimi. Kiti inabaki."

Akachomeka nyuma ya kile kiti waya wa umeme, waya wa skrini kubwa, wa kibodi na wa printa, kila mmoja na tundu lake. Kisha akaikalisha kompyuta juu, akaikandamiza kwa viganja viwili mpaka ikalia ta, na taa ndogo ya kijani ikawaka pembeni. Skrini kubwa ikafunguka, printa ikakohoa. Warda alicheka kwa furaha. Mimi nilirudi nyuma hatua, mchuzi ukanimwagikia kanga.

"Na kuitoa?" Warda aliuliza.

"Haing'olewi hivi hivi, Madamu Warda. Unaiomba kwanza." Akamwonyesha mahali pa kubonyeza kwenye skrini. Unabonyeza, unangoja taa izime, ndipo unavuta mkono wa pembeni na mashini inaachia. Ukiichomoa bila kuiomba, inaganda, na kazi uliyokuwa unaiandika inapotea.

Bwana yule alifundisha vizuri kuliko alivyotenda. Hazikupita siku nyingi risasi zikasikika upande wa mlimani, naye akaichomoa kwa nguvu, akaikumbatia, akajificha chini ya meza. Kazi ya siku nzima ikaenda na maji. Kesho yake Warda akaiandika yote upya bila kumsema. Mimi ningemsema.

Ofisi ile ilikuwa imewahi kuvunjwa na wezi, kwa hiyo Casimir alipokwenda Bujumbura na kompyuta yake, Warda alitakiwa kulala na kiti nyumbani. Alikifunga mgongoni kwa kitenge. Wanawake wa sokoni walimtania, "Mama, mutoto iko nalala?" Naye, ambaye Mungu alikuwa bado hajamjaalia mtoto, aliwajibu, "Iko nalala, musimuamushe." Walicheka, na yeye alicheka nao. Katika siku zile, kicheko ukikipata ulikishika kwa mikono miwili.

Sasa, sisi watu wa kando ya ziwa, risasi zikianza mlimani, hatukimbilii porini. Tunakimbilia mtumbwini. Vitu vya thamani ndivyo vinavyotangulia: cherehani, Msahafu, sufuria nzuri. Kisha wazee na watoto, kisha tunasukuma hadi risasi isipofika, tunakaa juu ya maji tukingoja nchi itulie. Mtoto wa Rumonge analijua hilo kabla hajajua kuogelea.

Jioni moja risasi zilianza Warda akiwa Kigwena, kwenye matanga ya mjomba wake. Kiti kilikuwa nyumbani. Fadhili alikichukua kabla ya kitu kingine chochote, maana alijua kazi ya mke wake imekaa juu ya kile kibao, akakitia katika sanduku la taa za kuvulia, chini ya ubao wa kukalia. Tukapanda mimi na mama yetu, tukasukuma. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo.

Asubuhi, kumetulia, tukarudi. Ufukweni walikuwapo askari wakipekua kila mtumbwi, kwa sababu walisema waasi wanavushwa kutoka upande wa Kongo. Askari mmoja akafungua sanduku la taa. Akainua kile kitu cheusi, akakigeuza, akayaona yale matundu. Nilimwona uso ukimbadilika.

"Foni," alisema.

Foni ndiyo redio ya kuongea na walio ng'ambo. Mvuvi aliyekutwa na foni mtumbwini, siku zile, hakuulizwa maswali mengi.

"Hapana, afande," kaka yangu alisema. "Ni kiti ya ordinateri. Ya bibi yangu, ya kazi."

"Na ordinateri iko wapi?"

"Iko Bujumbura."

Hata mimi, niliyeiona kwa macho yangu ile mashini ikikaa juu ya kiti chake, nilisikia jinsi jibu lile lilivyokuwa baya. Nilipiga magoti kwenye mchanga nikaapa kwa Mungu. Walimfunga kwa kamba ya wavu wake mwenyewe, wakaondoka naye kwenda kambini kwao, karibu na bandari. Mama aliwafuata akilia hadi wakamwelekezea bunduki.

Warda alirudi kutoka Kigwena mbio. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kambini, mimi nyuma yake, akamwomba komanda amsikilize. Komanda alikuwa mtu mpole wa sauti, na upole ule ulinitisha kuliko kelele za askari wake.

"Mama, unasema hii ni kiti. Leta mwenye kukaa," alisema. "Lakini fanya haraka. Gari ya wafungwa ikija kuwachukua, mimi sina neno tena."

Gari lile tulilijua. Lilikuwa linapanda mlimani limejaa na kushuka tupu. Kutoka pale ndipo hofu ilipoingia nyumbani kwetu ikakaa kama mkwe. Kila gari lililonguruma barabarani, mama alishika ukuta. Warda alipata kumpigia Casimir simu kutoka kwa mapadri, na Casimir, nampa haki yake, alikuja. Barabara ilikuwa imeshambuliwa karibu na Kabezi, naye akaja katikati ya msafara wa malori, kompyuta ameivalisha koti. Aliposhuka, shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima. Asiyejua kuogopa hajaishi Burundi.

Tukaingia kambini na printa kichwani kwangu, skrini mikononi mwa Warda. Fadhili alikuwa ameketi chini ukutani na wengine. Jicho moja lilikuwa limeziba. Hakututazama, na nilielewa kwamba anaogopa tukimtazama tutaanguka.

Casimir, kwa haraka ya kutaka kumaliza, akaifungua kompyuta magotini. Ikawaka.

Komanda akainama kuitazama. "Inawaka yenyewe," alisema.

"Ndiyo, komanda, iko na batiri."

"Basi haina shida na kiti." Akagusa kile kibao cheusi kwa kidole. "Sasa hii sanduku inafanya kazi gani?"

Casimir akaanza kufuta skrini ya kompyuta kwa ncha ya shati, kama ndiyo iliyoulizwa. Bosi wa watu, mwenye diploma, alikuwa amemkaanga kaka yangu kwa mafuta yake mwenyewe. Nilimchukia saa ile, ingawa najua hata mimi nisingesema neno.

"Inafanya kazi ya kuunganisha, komanda," Warda alisema. "Uniruhusu nikuonyeshe. Naomba umeme tu."

Wakawasha jenereta. Warda akapiga magoti mbele ya meza, akachomeka waya mmoja baada ya mwingine, akitaja kila mmoja kwa sauti kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa wenyeji: huu wa skrini, huu wa kibodi, huu wa printa. Akaikalisha kompyuta juu ya kiti, akakandamiza.

Haikulia. Taa haikuwaka.

Akakandamiza tena. Kimya. Askari mmoja akacheka puani. Nje, lori lilikuwa limeingia langoni, nikajua ni lori gani bila kuambiwa, na mkojo ukataka kunitoka pale pale nilipokuwa nimesimama.

Warda akaiinua kompyuta polepole, akainamisha uso kwenye mdomo wa kiti, akapuliza. Kisha akachomoa pini kwenye shungi lake, akachokoa humo, akatoa kitu kidogo kinachometameta. Gamba la samaki. Kiti kililala katika sanduku la mvuvi, ungetegemea nini? Akachokoa lingine, akafuta kwa ncha ya kanga, akasema bismillahi, akakandamiza kwa viganja viwili.

Ta. Taa ya kijani ikawaka, skrini kubwa ikafunguka, printa ikakohoa.

"Niandike nini, komanda?"

"Andika kitu chochote."

Vidole vyake viliandika vilichokizoea. Karatasi ikatoka, komanda akaisoma kwa sauti: "Mbegu za maharagwe, Kigwena, zimefika salama." Akaisoma tena. Askari wakacheka, naye akacheka, akatoa ishara, na kaka yangu akafunguliwa kamba. Mama yangu mpaka leo akila maharagwe anamshukuru Mungu mara mbili.

Ningependa hadithi iishie hapo. Fadhili alikuwa amekwisha kusimama, Warda ameanza kuinama kuomba ruhusa ya kuondoka, komanda akaweka kiganja juu ya kompyuta.

"Mashini inabaki. Serikali inaihitaji," alisema. "Bwana huyu arudi kwake Bujumbura. Mume aende nyumbani. Na wewe, mama, kesho asubui uje kazini hapa. Askari wangu hawajui kuandika namna hii."

Tulitoka na Fadhili, na mwenye kufungwa akawa mwingine. Casimir hakuonekana tena Rumonge. Warda alikwenda kambini kila asubuhi na kurudi jua likielekea kuzama, akitembea wima, macho mbele. Fadhili hakwenda tena ziwani. Alikuwa anakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na lango, akingoja Warda apewe ruhusa ya kutoka, kisha walirudi pamoja.

Kule alikuwa anaandika nini, hakutuambia. Alikuwa ameonywa, na tulikuwa na akili ya kutouliza. Lakini tuligundua kitu. Jioni, akishika maji ya kunawa, wakati mwingine aliuliza swali kama la mtu asiye na haja nalo.

"Wifi, Sylvestre wa mawese iko kwake?"

Mara ya kwanza nilimjibu tu kwamba yuko. Siku ya pili asubuhi askari walikuja kumchukua Sylvestre akikamua mawese yake, na lori likapanda mlimani. Nilimtazama Warda, akanitazama. Tangu hapo, akiuliza kuhusu mtu, mimi nilijifunga kanga nikaenda kumwamkia mtu huyo. Nilimsalimu, nikamuuliza kama hana ndugu wa kumtembelea Nyanza-Lac. Mwenye macho haambiwi tazama. Darius alisafiri. Heri fundi baiskeli alisafiri. Majina yalikuwa yanatoka wapi, sijui. Siku zile ugomvi wa wavu ulitosha jirani kukutaja.

Kila aliposhika kopo la kunawa, nilikuwa nahesabu jirani zangu moyoni.

Ndipo ikafika ile jioni. Fadhili hakumngoja langoni siku hiyo, homa ilimshika, alikuwa nyumbani amejifunika shuka karibu na jiko. Warda akaingia peke yake, mapema kuliko kawaida. Mama akamsogezea maji. Akayashika yale maji, hakunawa.

"Wifi," aliniambia. "Fadhili iko kwake?"

Fadhili alikuwa amekaa pale, mbele yake, Warda angeweza kumgusa kwa mguu.

"Niko hapa, Warda," kaka yangu alisema.

"Nimeuliza kama iko kwake," alisema, bado ananitazama mimi.

Mama ndiye aliyeinuka wa kwanza. Hatukuchukua cherehani wala sufuria. Adhana ya magharibi ilikuwa inatoka msikitini tulipousukuma mtumbwi, na sikuwahi kuiogopa sauti ile ila siku hiyo, kwa jinsi ilivyoonyesha kila mtu aliyekuwa haendi kusali. Fadhili alipiga makasia akitetemeka kwa homa. Hakuna aliyegeuka mpaka michikichi ya Kigwena ikawa mstari mweusi tu, na mbele yetu upande wa Tanzania.

"Watatufuata," mama alisema. "Wameliona jina lake."

"Komanda alikuwa Bujumbura tangu jana, anarudi kesho asubui," Warda alisema. "Askari wake wa foni alinitajia majina kwa mdomo kadiri yalivyoingia, hakuandika. Yalikuwa ndani ya mashini tu. Lile la Fadhili lilikuwa la mwisho."

"Na sasa?"

Alikuwa amekumbatia magoti katikati ya mtumbwi. Nilimshika mikono, ile iliyochomeka waya zile zote mbele ya bunduki.

"Nimeichomoa," alisema. "Sikuiomba."