Hawakuwa Nyuki

Kwanza ijulikane kwamba Casimir hakuuawa na nyuki. Wanaosema hivyo, kuanzia soko la Rumonge hadi Gitaza wanakoanika dagaa waitwao ndagala, wanalipenda neno nyuki kwa sababu linawafikisha kwenye asali, asali inawafikisha kwa Elda, na wakishafika kwa Elda wanaanza kucheka. Wala si kweli kwamba mjane wa Casimir, Mwalimu Anastasie, alitoa esansi, yaani petroli, ya kuchomea mizinga ya mwanamke huyo. Mizinga ipo hadi leo. Atakaye akaitazame.

Anastasie ni mtoto wa ukimbizini. Alizaliwa Ulyankulu, akasomea ualimu hukohuko Tanzania, akarudi Burundi na Kiswahili kilichonyooka na masomo ya biolojia kichwani. Aliolewa na Casimir, mwenye shamba la michikichi huku Gatete. Watu wazima wengi wa hapa walijifunza kwake kwamba buibui si mdudu kama wadudu wengine, na bado wanaogopa kukosea mbele yake. Hajawahi kupaza sauti sokoni. Hata kitenge cha kuendea shamba hukipiga pasi.

Basi mwanamke wa namna hiyo, wivu ukimwingia, hautoki nje. Unakaa ndani na kula polepole. Casimir alipoanza kuleta asali nyumbani, alisema ameinunua sokoni. Anastasie aliitazama chupa, akamtazama mume ambaye kwa miaka alikunywa chai bila sukari, akasema, "Asante, Baba Jephté." Hakuigusa asali ile. Ila kila asubuhi aliangalia imepungua kiasi gani.

Kisha siku moja mchana Casimir alikutwa ameanguka njiani, uso na shingo vimevimba, pumzi zinakatika. Alifia kituo cha afya. Njia aliyoangukia inatoka shambani kwake, na inapita nyuma ya nyumba ya Elda, Mkongomani wa Fizi aliyeachwa na mume, mfuga nyuki.

Matanga hayajaisha vizuri, Kankindi, dada wa marehemu, akaingia mbio.

"Wifi, vaa viatu! Watu wamejaa kwa yule Mukongomani. Wanataka kuchoma nyuki zake."

"Wachome. Mimi nahusikaje?"

"Shefu wa kilima amekataa. Anasema bila neno la mujane hakuna moto. Useme tu nyuki zimemuua mume wako, basi, tumalize."

Anastasie alisikia utamu mdomoni, utamu ambao asali ile isingempa. Neno moja tu, na yule mwanamke angebaki na majivu. Lakini kitu kimoja kilimsumbua. Pale kituo cha afya alimwosha mume wake shingo na uso kwa mikono yake, akitafuta miiba. Nyuki akiuma huacha mwiba ndani ya ngozi, na kifuko cha sumu kikiwa bado kimening'inia. Nyigu huchomoa wake akaondoka nao, akauma tena. Amelichora jambo hilo ubaoni mwaka baada ya mwaka. Na kwenye shingo ya Casimir hakukuta hata mwiba mmoja.

Akavaa viatu.

Vijana walikuwa wameshika makuti makavu. Elda alisimama mlangoni, mikono kifuani. Anastasie alimtazama kuanzia juu hadi chini, bila haraka, kama anavyosahihisha mtihani. Visigino vimepasuka. Mvi pembeni. Kumbe hata si msichana! Angekuwa msichana, jambo lingeeleweka upesi na kudharaulika upesi.

"Yooo! Iko hapa nyuki moja!" Kankindi aliruka kando ya maua ya maboga.

Anastasie alinyoosha mkono akamdaka yule mdudu hewani. Watu wakashika vinywa. Akafungua kiganja kidogo.

"Huyu ni nzi. Mabawa mawili, macho makubwa, mwiba hana. Amevaa milia tu."

"Eh, Mwalimu," kijana mmoja akadakia, "hata nzi siku hizi anaazima koti!"

Walicheka. Anastasie akamwambia Elda, "Nipeleke nyuma."

Nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa bati, juu kabisa ya dirisha la chumba cha kulala, kilining'inia kiota cha kijivu kama karatasi iliyolowa, nusu yake imeraruliwa. Nyigu walikuwa wanatembea juu yake, viuno vyembamba, wanakijenga upya. Chini ukutani uliegemea mti mrefu. Nchani umefungwa kitambaa kinachonuka mafuta ya taa. Anastasie alikijua kitambaa kile: ukosi wa shati la Casimir, alioushona mwenyewe.

"Nilimuambia aache, mama," Elda alisema kwa sauti ya chini. "Akasema, zitakuja kukuuma."

Anastasie aliinua macho kwenye kiota. Juu ya mlango wa jiko lake mwenyewe kulikuwa na kiota cha nyigu tangu masika yaliyopita. Alimwomba Casimir akiondoe, akaomba tena. "Waache, hawana neno," alijibiwa, na tangu hapo yeye huingia jikoni kwake ameinama. Mtu kwenda kula asali ya mwenzake, hilo angelimeza. Lakini kuangusha nyigu dirishani ni kazi ya mwenye nyumba.

Alifungua fundo, akakitia kitambaa mkobani, akarudi mbele.

Shefu, Jean Bosco, kiongozi wa kitongoji, alivua kofia. "Mwalimu, pole tena. Tunangoja neno lako."

Makuti yaliinuliwa. Mizinga ilikuwa palepale, inavuma. Akisema nyuki, moto utawaka, naye atalala usingizi mzuri. Ila Rumonge nzima itasema Casimir alifia kwenye asali ya mwanamke, na Jephté, mwanawe, atalibeba jina hilo hadi kwa wajukuu. Elda alikuwa amefumba macho.

"Nyigu," alisema Anastasie. "Nyuki huacha mwiba. Nilimwosha mwenyewe, hakuwa nao. Wekeni makuti chini."

Vijana walitazamana. Mmoja akalitupa kuti lake, wengine wakafuata. Kankindi peke yake hakutosheka.

"Nyigu za wapi, wifi? Mbona huko nyuma umekawia? Kuna nini huko?"

Watu wote walinyoosha shingo.

"Nimesema nyigu," Anastasie akajibu. "Swali jingine silijibu. Si kwako, si kwa shefu, si kwa padri. Nipisheni."

Wakampisha.