Mgonjwa wetu wa Ilula aliyerudishiwa damu yake mwenyewe akiwa mezani

Wakuu, kamwene. Mimi ni bibi wa Kihesa, nimevuka themanini, mjukuu ndiye anachapa. Sijaja kutunga hadithi, haya niliyaona kwa macho yangu.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa nurse mwanafunzi kwenye hospitali ya misheni huku Iringa.

Asubuhi moja lori la mahindi likamleta Lusia, mama kijana kutoka Ilula. Tumbo limevimba, viganja vyeupe, mapigo unayatafuta kwa shida.

Daktari wetu mzungu alimchoma sindano tumboni, ikavuta damu.

"Mimba imetunga kwenye mrija wa uzazi, na mrija umepasuka. Apasuliwe sasa hivi."

Damu ya kumwongezea hakuna. (Siku hizo benki ya damu tungeitoa wapi? Ulitegemea ndugu.) Mumewe, Anjelo, alipimwa, haikulingana. Shemeji yake Lusia alipoona sindano akasema, "Siitoi, nitakufa mimi." Akatoka nje.

Daktari akaendelea kunawa. "Basi tutampa yake mwenyewe."

Nilidhani Kiswahili kimemshinda.

Tumbo lilipofunguliwa, damu ilifurika. Hakuhangaika kuikausha. Alizamisha mkono, akapapasa, akaubana mrija kwa vidole, kisha kwa koleo. "Imesimama."

Ndipo akaanza kuichota kwa upawa uliochemshwa. Mimi nimeshika gozi, vile vitambaa vya kufungia vidonda, zilizokunjwa juu ya chupa yenye dawa ya kuzuia isigande. Damu inachujika, mabonge yanabaki. Sista wetu wa zamu akaitundika chupa, ikarudi mshipani.

Taratibu midomo ikapata rangi.

(Ilifaa kwa kuwa damu ilikuwa mbichi na utumbo haukutoboka ukaichafua. Msiende kubishana na madaktari wenu.)

Mimba ndiyo ilikwenda. Lusia alilia sana, nikakaa naye. Baadaye akaniuliza, "Damu kanipa shemeji?"

"Hapana, ni yako mwenyewe."

Akanitazama, akajifuta machozi. "Afadhali. Angenisimanga mpaka kaburini."

Tukacheka, yeye kashikilia mshono.

Nilichojifunza: mwanamke amekosa siku zake, tumbo linamkata, anaona kizunguzungu, msimchemshie tangawizi. Mkimbizeni hospitali. Na wenye afya tuchangie damu, maana si kila damu inayomwagika inachoteka.

Yamewahi kuwakuta? Na ninyi mlioko theatre leo, mnafanyaje? Andikeni, mjukuu atanisomea.