Shemeji Aliyekataa Kushuka

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa dereva wa kreni kwenye ujenzi wa maghorofa, na mafundi walimwita Mwewe. Akishapanda asubuhi, hashuki mpaka jioni. Kushuka kwenda haja ndogo ni kusimamisha zege, na walio chini wangemzomea. Kwa hiyo hakunywa maji, na alijisifu kwa hilo. "Shemeji, hata ngamia hunywa," nilimtania. Tulicheka wote. Leo naona haya kukumbuka kicheko kile.

Jiwe la kwanza la figo lilimwangusha sebuleni, akajikunja sakafuni huku dada akimshika ubavu. Lilipotoka lilipimwa maabara, na daktari akatueleza kwamba mawe ya figo si ya aina moja. Lake lilikuwa la kalsiamu na oksaleti. Apunguze chumvi, pia mchicha na karanga, vyenye oksaleti nyingi. Maziwa asiache, maana yakinywewa pamoja na chakula huinasa oksaleti tumboni isifike kwenye figo. Zaidi ya yote, maji, tena mengi.

Sikio la kufa halisikii dawa. Yeye alishika neno moja tu, kalsiamu. "Jiwe ni chokaa, maziwa nayo ni chokaa," alisema, akayaacha. Mboga nazo akazisusa, akahamia kwenye nyama na maini, mchana na jioni. Chupa ya maji aliyofungiwa na dada ilirudi imejaa.

"Utaniacha mjane kwa sababu ya zege la watu?" dada alimfokea.

"Mama watoto, nikishukashuka watamweka mwingine."

Nilimkasirikia, lakini nilimwelewa.

Mawe yaliyofuata yalikuwa ya asidi ya yuriki, yale yanayopenda mla nyama asiyekunywa maji. Yaliziba figo zote mbili. Alimeza vidonge vya maumivu akapanda hivyo hivyo, mpaka homa ikamshusha. Madaktari walihangaika naye, lakini figo hazikuamka tena.

Sasa damu yake husafishwa kwa mashine, na maji hupimiwa kwa kikombe, kwa kuwa mwili hauwezi kuyatoa. Jana dada alikuwa sokoni, nami nikiosha vyombo.

"Shemeji, nipe maji. Funda moja tu."

"Ya leo umeshamaliza, shemeji yangu."

Alilitazama bomba lililokuwa likitiririka.

"Basi lifunge. Mlio wake unaniumiza."

Nililifunga, nikaviacha vyombo na mapovu yake.