Mtoto Alinitajia Mwisho wa Kitabu Ambacho Hatujakiandika

Nilikuwa nasaini vitabu, mkono umeshakufa ganzi, mtoto wa kike wa miaka kama tisa akainama mezani kwangu akaninong'oneza:

"Mimi namjua mamba ni nani."

Nikacheka. "Haya, ni nani?"

"Ni kaka yake Sinag."

Kalamu ikanidondoka.

Ngoja niwaeleweshe. Mimi ni Nelia. Naandika vitabu vya watoto pamoja na kaka yangu Fermin, hapa hapa Iloilo, Ufilipino. Vinne vimeshatoka. Vyote vinamhusu Sinag, binti anayevuka falme za chini ya maji mgongoni mwa mamba, akimtafuta kaka yake aliyepotea.

Kwamba mamba mwenyewe ndiye huyo kaka, hiyo tuliificha kwa ajili ya kitabu cha tano, cha mwisho. Watoto walikuwa wanatuandikia barua wakibahatisha, na hakuna aliyewahi kupatia.

Na haikuwa imeandikwa popote. Kaka anaandika sura za mamba, mimi za Sinag, kisha tunabadilishana. Lakini mwisho tuliuapia jikoni kwa mama: hauandikwi, haambiwi mtu, awe mchapishaji, awe mke, awe mume, mpaka siku yake ifike.

Duniani tulikuwa wawili tu tunaoujua. Mimi sikusema. Sasa nani amesema?

Nikageuka. Kaka alikuwa kiti cha pili, anasaini huku anatafuna ndizi ya kukaanga, hana habari kabisa.

"Manong," nikamwita, maana kaka mkubwa kwetu haitwi kwa jina kavu. "Umemwambia nani?"

"Nini?"

"Usinifanye mjinga. Huyu mtoto anajua habari ya mamba."

Akaacha kutafuna. "Inday, mdogo wangu, naapa. Sijamwambia mtu."

"Na mkeo? Luz si mwalimu? Si ana darasa zima la watoto?"

"Luz? Luz hata vitabu vyetu hasomi! Anasema vinamletea usingizi!"

Mama mmoja kwenye foleni akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshawaka, na nikiwaka mimi sijui breki iko wapi.

"Miaka kumi na mmoja nakubeba!" nikapiga meza. "Sura zako naziandika upya mimi! Kila mstari mzuri wa yule mamba ni wangu! Kazi moja tu uliachiwa peke yako, kufunga mdomo, na hiyo nayo imekushinda! Msaliti wewe!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Watoto wamekumbatia vitabu vyao, wananiangalia.

 Kaka akafunika kalamu yake taratibu, akasimama.

"Kitabu cha tano andika mwenyewe," akasema, akaanza kuondoka.

"Fermin! Rudi ukae! Na wewe Nelia, funga huo mdomo, unatisha watoto!"

Sauti ilitoka nyuma ya yule mtoto. Bibi mfupi, mkoba kaubana kwapani, macho makali. Nilikuwa sijamwona miaka ishirini na nane, lakini miguu yangu ilimtambua kabla ya kichwa. Nikajikuta nimekaa. Kaka naye kakaa.

Yaya Paching. Aliyetulea.

Kwetu mtoto akishakula cha mchana lazima alale, atake asitake. Yaya alikuwa anatandika mkeka, analala katikati yetu, na ili tutulie anasimulia.

Anasimulia nini? Binti. Maji. Mamba.

Naapa nilikuwa nimesahau. Tulikuwa tukiamka, kila mmoja anadai ile hadithi kaiota yeye, tunapigana. Tumekua tukiamini hivyo. Hata waandishi wa habari tumewaambia, kwa maringo kabisa, kwamba Sinag alitujia ndotoni.

"Mjukuu wangu huyu, Kresha, nimemsimulia kama nilivyowasimulia nyie," Yaya akasema. "Siku moja katoka shule ananiambia, Bibi, kuna watu wameiba hadithi yako. Nikamgombeza. Nikamwambia hao ni watoto wangu, lazima watakuwa wamenitaja. Nikafungua kitabu mbele. Nikafungua nyuma."

Akatuangalia mmoja mmoja.

"Mmemshukuru hadi paka."

Uso wote ulinishuka. Na bado nikawa na ubishi, sijui nilitoa wapi. "Yaya, tusamehe. Lakini ule mwisho tuliutunza wenyewe..."

"Mwisho upi? Mamba kuwa kaka mtu? We mtoto, hapo ndipo mlipokuwa mnaanza kukoroma! Hadithi ilikuwa bado inaendelea!"

Mimi na kaka tukauliza kwa pamoja, "Inaendeleaje?"

Akamwelekea kaka. "Wewe njoo kesho ukishakula nikumalizie. Jina langu liwe juu ya kitabu, si nyuma kwa paka."

"Ndiyo, Yaya."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe? Mtu anayemvua nguo kaka yake mbele ya watoto? Utasoma kikitoka. Nunua kama wenzako."

Foleni nzima ikacheka. Nilitaka kukasirika, nikatafuta wa kumkasirikia, nikakosa. Nimebaki nimejikasirikia mwenyewe tangu siku ile.

Kitabu kilitoka na majina matatu, la Paching la kwanza. Sura ya mwisho niliinunua dukani, nikaisoma nimesimama, na ilikuwa nzuri kuliko chochote ambacho ningeandika mimi.

Yaya alishanisamehe, sasa hivi hata chakula ananiwekea. Kaka naye kwa mdomo amesema yameisha, na tumeanza kitabu kingine.

Ila zamani alikuwa ananiletea sura zake chafu, mistari imekatwakatwa, pembeni kaandika "hapa nimekwama, nisaidie." Siku hizi zinakuja zimenyooka, hazina hata doa. Haniombi kitu.

Jamani, kabla hujamwita ndugu yako msaliti mbele za watu, jikague kwanza na wewe umeshika nini cha mtu. Mimi sikujikagua. Vitabu vinauzwa, lakini zile karatasi chafu za kaka yangu sijazipata tena.