Philister Aenda Mbugani

Mama yangu, Virginia, ameandikwa katika vitabu vya wageni vya mageti tisa ya Spring Valley, mtaa wa matajiri, kila Jumanne na Ijumaa, tangu mwaka wa tisini na tano. Saa ya kuingia, saa ya kutoka, sababu ya kuja: mboga. Anatoka sokoni Kangemi na kikapu cha sukuma wiki, dania na nyanya, anaacha kitambulisho kwa askari, anapeleka mboga kwa wenye nyumba zao, anarudi kuchukua kitambulisho na kuelekea geti lingine. Hakuna askari hata mmoja aliyewahi kuangalia picha. Nyanya wanaziangalia sana, na wengine huomba moja ya kuonja, lakini picha, hapana.

Nasema haya mapema ili mtu asije akamlaumu mama. Naitwa Cate, mtoto wake wa kwanza, na nikianza kumtetea sinyamazi.

Agosti 2005, ofisi yangu pale Upper Hill ilinipa zawadi: safari ya siku mbili mbugani, mimi na familia, gari na dereva juu yao. Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita bila kuugua, na bosi aliliona jambo hilo kuwa la ajabu. Nilipomwambia mama, alikaa juu ya gunia la viazi akasema, "Miaka thelathini na nne niko hii Nairobi, na twiga nimemwona kwa kalenda tu. Nataka nione vile anakunywa maji. Hiyo shingo yote anaipeleka wapi?"

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Wateja wote wa Kangemi walijua anakwenda kumwona twiga, hata wale waliokuja kununua kitunguu kimoja.

Sasa baba. Baba anaitwa Norman, karani mstaafu, mzee wa kanisa, mwanamume ambaye hajawahi kuwasha jiko lakini anajua vizuri jinsi linavyopaswa kuwashwa. Asubuhi ya safari alitupanga mstari mlangoni kukagua vitambulisho. "Mkenya bila kitambulisho ni mtalii," alisema, na hapo alikuwa sawa, maana mgeni hulipa kiingilio kwa dola. Akahesabu: chake, cha mama, changu na cha ndugu yangu Kibe, fundi wa simu mtaa wa Luthuli ambaye hula kama mtu aliyetoka jela jana. Vinne. Baba aliridhika. Alihesabu, hakusoma.

Wakati huo mama alikuwa amekwisha kupika chapati ishirini, kuku, mukimo na mayai ya kuchemsha, na amejaza chai thermos mbili. Dereva wetu Mwanzia, mtu mpole mwenye kofia ya kaki, alimfungulia mama mlango wa mbele. Baba akaingia hapo yeye, na darubini ya kuazima shingoni. Mama akakaa nyuma kabisa, katikati ya sufuria. Kutoka Kangemi, Waiyaki Way yote hadi katikati ya mji, baba alimfundisha Mwanzia kuendesha gari. Baba hana leseni.

Mbuga yenyewe siitaji jina, kwa sababu karani wa pale getini bado ana kazi yake na watoto wa kulisha.

Tulipofika, palikuwa na fomu ya kujaza, na baba hapitwi na fomu. Akavisoma vile vitambulisho kimoja kimoja. Kufika cha tatu akasimamisha kalamu.

"Virginia. Huyu ni nani?"

Mama akakichukua, akakileta karibu na pua, kisha akakipeleka mbali. Miwani yake ni ya Biblia tu, haitoki nyumbani.

"Uuwi," akasema. "Huyu ni Philister."

Philister Ayuma tunamjua. Anauza mayai ya kienyeji katika mageti yale yale ya Spring Valley. Wiki mbili nyuma waliingia pamoja katika jumba moja, wakatoka pamoja, na askari akawapa vitambulisho huku akiongea na simu. Kila mmoja akatia cha mwenzake kifuani akaenda zake. Kwa wiki mbili mama alikuwa ameingia katika mageti tisa akiitwa Philister, na Philister huko aliko alikuwa akiitwa Virginia, na hakuna aliyeuliza.

Nilifungua mkoba nikahesabu. Nilichokuwa nacho hakikufika hata nusu ya kiingilio cha mgeni. Kibe akageuka kutazama miti.

Baba akatoa uamuzi. "Basi, wewe utangoja hapa kwa hiyo kibanda ya soda. Kuna kivuli. Tutakupitia jioni tukienda kulala. Kibe atakupigia picha ya twiga." Akatazama nyuma ya gari. "Lakini chakula ibaki kwa gari."

Nitasema wazi: nilitaka kumpiga baba yangu kwa thermos. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba mama alikuwa ameshaokota leso yake. Alikuwa ameshateremsha mguu mmoja. Hata kubisha hakubisha. Aliinama akaanza kuniambia kuku yuko kwenye sufuria gani.

Katikati ya maneno hayo akakitazama tena kile kitambulisho, kwa mbali, mkono umenyooka.

"Amezaliwa hamsini na nane," akasema. "Mimi ni wa arobaini na tisa."

"Sasa?" baba akauliza.

"Sasa nimerudishiwa miaka tisa." Akavinyakua vile vitambulisho vingine na fomu kutoka mkononi mwa baba.

"Virginia! Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kusema uongo!"

"Nani amekuuliza?"

Akaenda dirishani. Tulimtazama. Karani aliandika namba, akagonga muhuri, akarudisha vitambulisho bila kuinua uso. Shida ilikuwa askari aliyesimama kando. Huyo alisoma.

"Vihiga, kwetu!" akasema kwa furaha. "Mulembe, mama!"

"Mulembe," mama akajibu, na akatembea kuja kwetu kwa mwendo wa mchuuzi aliyeona gari la kanjo, askari wa jiji. Hilo ndilo neno pekee la Kiluhya, lugha ya kina Philister, analolijua.

Nilidhani atapanda nyuma. Alikwenda mlango wa mbele akaufungua.

"Mzee, samahani. Hapa ni kwangu."

"Virginia..."

"Virginia ni nani?"

Baba akamtazama Mwanzia, mwanamume kwa mwanamume, akitafuta msaada. Mwanzia akawasha gari. "Mama Philister," akasema, "funga mkanda."

Ndivyo mzee wa kanisa alivyoingia mbugani akiwa katikati ya sufuria. Darubini yake ilimwonyesha goti la Kibe. Mbele, mama alimuuliza Mwanzia maswali ambayo nadhani alikuwa ameyaweka tangu aolewe: pundamilia wana mwenyewe? Kiboko anapenda nani? Kwenye bwawa tukamkuta twiga anakunywa. Alipanua miguu ya mbele, akapanua tena, mpaka mama akaanza kucheka, na Mwanzia ikabidi azime injini. "Heshima yake yote!" mama alisema huku akifuta machozi. "Maji tu, na angalia vile anajiaibisha!" Sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti ile nyumbani. Nyumbani hucheka akiwa anafanya kitu kingine.

Saa saba tulisimama mahali penye meza za wageni. Tukashusha sufuria, tukakaa, tukangoja. Mama alikuwa ameketi ubaoni, mikono mapajani, anatazama swala.

Tukangoja sana.

"Mathe," Kibe akasema hatimaye, "si utupakulie?"

"Mimi?" mama akasema. "Muulize mamako."

"Wewe ndiye..."

"Mama yenu alibaki kwa geti. Si mlisema angoje huko?"

Hata Mwanzia aliacha kufuta kioo. Mimi nilitaka kuinuka nipakue, mkono ukaenda wenyewe, lakini mama akanitazama, nikaurudisha.

Baba ndiye aliyesimama. Alifunua sufuria tatu kabla ya kumpata kuku. Akapakua vibaya, mukimo juu ya chapati, kuku juu ya mukimo, yai likaanguka chini akaliokota akalifuta kwa tai yake ya kanisani. Sahani ya kwanza, ambayo kwa miaka yote imekuwa yake, akazunguka meza nzima nayo mpaka kwa mama.

"Karibu chakula, Bi Philister."

"Asante. Na wewe unaitwa nani, mzee?"

"Norman. Niko na bibi. Nilitaka kumwacha kwa geti."

"Kwa nini?"

Baba akaangalia mikono yake iliyojaa mafuta. "Nilifikiria amezoea."

"Amezoea," mama akasema. "Lakini hajawahi kupenda."

Kisha akaanza kula. Baba akaenda garini kutafuta vikombe, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia viko wapi.