Mpishi wa Enyanja na baba aliyekuwa hali chakula chake

Saa kumi na mbili asubuhi, boti kutoka kisiwa cha Bumbire imeshafungwa kamba mwaloni Bukoba, na Nasma Jamali ameinamia kreti ya samaki. Anamfunua sato shavu kwa kidole gumba, anatazama wekundu wa matamvua, anamrudisha. Anamfunua mwingine. Muuzaji anaendelea kupanga kreti nyingine. Wamezoeana, na anajua kuwa kumharakisha mwanamke huyu ni kumfukuza.

Saa moja yuko jikoni Enyanja, hoteli ya kando ya ziwa ambako sahani moja ya samaki inauzwa shilingi elfu arobaini na tano. Alianza hapa kama muosha vyombo, kwa mshahara wa shilingi laki moja na nusu. Leo, akiwa na miaka 39, analipwa laki nne na nusu na ndiye anayesimamia samaki wote wanaotoka jikoni humo.

"Watu wa Kampala wanakula nilichopika. Watu wa Kigali, wa Dar, wanakula," anasema huku akinoa kisu. "Baba yangu yuko hapo Nyanga tu, na alikuwa hali."

Baba huyo ni Mzee Jamali Uledi, fundi cherehani wa kata ya Nyanga mjini Bukoba, ambaye ameshona kanzu za nusu ya Waislamu wa mji huu. Nasma alipopata kazi, miaka kumi na moja iliyopita, mzee alimuuliza swali moja tu: je, huko hotelini wanapika nguruwe? Nasma akajibu kuwa wanapika, na baa ipo pia. Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake.

Ugomvi haukuwapo. Ila tangu siku hiyo, kila Nasma alipopika nyumbani, mzee alikuwa na sababu. Tumbo halikuwa sawa, au alikuwa amekula kwa jirani, au alikuwa amefunga. Mdogo wake Nasma, Yasmin, anayeishi na mzee, ndiye aliyempikia.

"Hakunifukuza wala hakunisema. Alikuwa ameshiba tu," anasema Nasma.

Mama yao, Siti, alipofariki, wanawake wa ukoo walimpa Nasma msibani kazi ya kumenya ndizi na kuchota maji. Masufuria walisimamia wengine. Hakuna aliyemweleza kwa nini, naye hakuuliza.

Hayo yangeendelea hivyo hivyo kama si kaka yao, Riyadhi, mfanyabiashara wa vipuri vya magari Mwanza. Mwaka jana alipiga simu akisema Taata, kama wanavyomwita baba yao, anatimiza miaka sabini na mitano na anataka kumfanyia jambo la heshima. Ameshalipia meza Enyanja, keki imeagizwa, na chakula amechagua mwenyewe: sangara wa mvinyo mweupe, sahani inayosifika kuliko zote hotelini hapo.

Nasma alimkumbusha kaka yake kwamba mzee hajawahi kusherehekea siku ya kuzaliwa, na kwamba mvinyo ni pombe. Riyadhi akasema pombe huisha motoni. Akamsihi asimwambie mzee lolote. Mzee ataambiwa anakwenda kula samaki ziwani. Akishakula na kusifu, ndipo wamwambie aliyepika ni nani. Kwa maelezo ya Nasma, Riyadhi hakuwa na nia mbaya. Alichoka kuona nyumba ina vyungu viwili.

Mara mbili Nasma alikwenda Nyanga kumweleza baba yake. Mara ya kwanza alimkuta na mteja. Mara ya pili walikaa wawili barazani, wakazungumzia mnyauko ulioingia kwenye migomba ya jirani, akaaga akaondoka bila kusema.

Alichofanya ni kwenda sokoni kununua sufuria mpya, mwiko mpya, kisu na chupa ya mafuta. Mpishi mkuu, Dastan Ishengoma, alimruhusu atumie jiko la pembeni ambalo siku hiyo halikuguswa na mtu mwingine. Sangara wa mvinyo aliwekwa kando. Nasma alipika sato kwa nyanya, vitunguu na limau, na ndizi pembeni, kama mama yake alivyokuwa akipika siku za Ijumaa.

Jioni mzee aliingia na kanzu yake nyeupe, kofia na bakora, amezungukwa na Riyadhi, Yasmin na wajukuu. Walikaa meza ya dirishani. Nasma alikuwa akiwatazama kupitia uwazi wa mlango wa jikoni. Aliona baba yake akiitazama baa, kisha akiitazama glasi iliyokuwa mbele yake, kisha akiisogeza mbali kidogo kwa kidole.

Mhudumu, Joackim, alikuja kuchukua sahani. Nasma alimwambia asubiri. Akafuta mikono, akatoka mwenyewe na aproni yake na kofia ya mpishi, akavuka ukumbi uliojaa wageni. Anakumbuka kuwa Riyadhi alimtikisia kichwa tangu akiwa mbali.

Alipiga goti kando ya kiti, kama anavyomwamkia nyumbani.

"Taata, hapa ndipo ninapofanya kazi," alimwambia. "Jiko hili linapika nguruwe na linapika kwa pombe. Samaki wako nimempika mimi, peke yangu, kwenye sufuria niliyoinunua juzi na haijapika kingine. Usipokula sitakulaumu. Ila sitaki ule bila kujua."

Riyadhi aliinamisha uso. Mtoto mmoja aliuliza kama chakula kinakuja, Yasmin akamnyamazisha.

Mzee akauliza, "Na sahani?"

Sufuria Nasma alikuwa amenunua, mwiko, kisu, hata mafuta. Sahani hakuifikiria. Zilikuwa zilezile za hoteli, zinazobeba kila kitu.

"Sahani ni ya hapa, Taata."

"Basi nileteeni jani."

Joackim ndiye aliyeelewa kwanza. Alitoka kwa mlango wa nyuma hadi kwenye migomba iliyopandwa kama pambo la bustani, akakata jani, akalipitisha motoni likalainika. Lilitandikwa juu ya kitambaa cheupe cha meza, kati ya uma na visu vya fedha. Nasma akapakua kwa mkono wake. Mzee akanawa, akasema bismillahi, akala.

Alikula taratibu, akitoa miiba na kuipanga ukingoni mwa jani. Hakusifu. Alipofika katikati alisema, "Limau umechelewa kulitia. Mama yako alikuwa analitia samaki akiwa mbichi." Akaendelea kula.

Nasma alirudi jikoni kwa sababu oda zilikuwa zinamngoja. Dastan, mpishi mkuu, anasema alimkuta amesimama mbele ya jiko lililozimwa, akamwachia dakika chache.

Sherehe yenyewe haikwenda mbali zaidi. Keki ilipoletwa na mishumaa yake, mzee alikataa kupuliza, akisema haoni mantiki ya kuwasha moto ili uzimwe. Wajukuu walipuliza kwa niaba yake. Kahawa ya hotelini nayo hakuinywa. Alitoa mfukoni punje zake za kahawa iliyokaushwa, za kutafuna, akamgawia Riyadhi.

Riyadhi, aliyezungumza kwa simu kutoka Mwanza, anakiri kwamba usiku ule alimkasirikia dada yake kwa kumharibia mpango. Sasa anasema mpango wake ungefanikiwa kwa siku moja tu.

Mzee Jamali hajarudi Enyanja na anasema hatarudi. Alipoulizwa maoni yake kuhusu kazi ya binti yake, alijibu kwamba hajabadili anachoamini, na akaomba aulizwe habari za kanzu. Lakini kila Jumatatu, siku ya mapumziko ya Nasma, anakula Nyanga anachopika Nasma, na Yasmin anapumzika.

Nasma anapanga kuacha hoteli mwishoni mwa mwaka huu na kufungua mgahawa wake wa samaki na ndizi, usio na pombe, kando ya barabara ipitayo Nyanga. Akiba aliyoweka inatosha mabati na majiko mawili. Anasema hana kinyongo na Enyanja. Ndiko alikojifunza kazi.

Kilichokosekana kilikuwa kiwanja. Mwezi uliopita alimwomba baba yake kipande cha kibanja, yaani shamba lake la nyumbani, upande wa barabarani, penye mibuni iliyozeeka. Mzee aliomba siku kadhaa za kufikiri. Alipojibu, alimwambia mibuni ile ing'olewe, ila jiko lijengwe mbali na dirisha lake, kwani hapendi moshi chumbani.

"Nikamwambia, Taata, upepo wa ziwani haupangiwi, moshi utakufikia tu," anasema Nasma. "Akasema, basi na ufike."